Kikapu na Kibali



Wiki hii tuzungumzie swali ambalo huulizwa kila siku na vijana wanaomaliza shule, na wazazi waliopunguzwa kazini, na akina mama wanaotaka kuongeza kitoweo nyumbani. Swali lenyewe ni hili: mtu mwenye shilingi elfu hamsini mkononi, asiye na mjomba wizarani wala shamba la kuweka rehani, aanze vipi biashara ndogo kwa njia ya halali?

Swali hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kuanza biashara, na hapo watu wetu hawahitaji mwalimu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sehemu ya pili ni hilo neno halali, na hilo ndilo lenye historia ndefu. Hapa Tanzania tumeshuhudia mtu yule yule, mwenye kikapu kile kile cha maandazi, akiitwa mhuni, kisha mzururaji, kisha mlanguzi, kisha mjasiriamali. Maandazi hayakubadilika. Kilichobadilika ni kibali.

Tuanzie enzi za mkoloni. Waingereza walipoitawala Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, waliukuta mji wa Dar es Salaam na kuendelea kuugawa kwa rangi za watu: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Mwafrika alitazamwa kuwa mgeni mjini, mtu aliyekuja kufanya kibarua na ambaye kibarua kikiisha arudi kwao. Mwaka 1923 walitunga sheria ya watu fukara, na kwa sheria kama hizo mtu asiye na ajira inayotambulika aliweza kukamatwa na kurudishwa kijijini. Katika macho ya serikali ile, kazi ilikuwa ni kuajiriwa. Mtu aliyejiajiri kwa kuuza samaki wa kukaanga alikuwa na kazi ya kutwa nzima, lakini hakuwa na mwajiri wa kumshuhudia.

Aliyetaka kupanda kutoka kwenye kikapu hadi kwenye duka alikutana na ukuta mwingine. Kulikuwa na sheria ya mikopo kwa wenyeji, iliyotungwa upya mwaka 1931, iliyosema kwamba deni la Mwafrika kwa mtu asiye Mwafrika halidaiki mahakamani mpaka mkopo huo uwe umepata idhini ya serikali. Watawala walidai kwamba wanamlinda mwenyeji asinyonywe. Lakini hebu fikirieni, ndugu zangu. Biashara ya jumla ilikuwa mikononi mwa Wazungu na Wahindi. Ni mwenye bohari gani angemkopesha mtu magunia matano ya sukari huku akijua kwamba asipolipwa hana pa kushitaki? Mlinzi alifunga mlango, na aliyelindwa akabaki nje.

Wako waliopiga kelele. Mmoja wao ni Erika Fiah, mzaliwa wa Uganda, aliyekuwa na duka dogo Dar es Salaam. Katika miaka ya 1930 alishiriki kuunda chama cha wafanyabiashara Waafrika, na mwaka 1937 akaanzisha gazeti la Kiswahili lililoitwa Kwetu. Tunapozisimulia habari za kupigania uhuru huwa tunawataja walimu na makarani, na hatukosei. Lakini tusisahau kwamba katika sauti za mwanzo kabisa ilikuwamo sauti ya mwenye duka, mtu aliyetaka tu kununua na kuuza kama wengine.

Wengine waligundua kwamba mtu mmoja mmoja hawezi kuuvunja ukuta ule, bali wakishikana wanaweza kuuruka. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Kule Mwanza, katika miaka ya 1940, wafanyabiashara wadogo Waafrika waliungana katika ushirika wao, na hapo ndipo alipopikwa kijana aliyeitwa Paul Bomani. Kutoka kwenye ushirika wa wenye maduka Bomani aliingia kwenye wakulima wa pamba, waliokuwa wamechoshwa na mizani ya wanunuzi, na mwaka 1955 vyama vyao vikaungana kuwa chama kikuu kimoja, mojawapo ya vikubwa kabisa katika Afrika nzima. Mizani iliyopunja ndiyo iliyozaa chama kile, na chama kile kikatoa waziri wa fedha wa nchi huru.

Basi Uhuru ukaja mwaka 1961, na Azimio la Arusha likatangazwa tarehe 5 Februari 1967. Nia ya Azimio ilikuwa njema, nalo lililenga wakubwa: mabenki, makampuni makubwa ya biashara, na viongozi waliotaka kukalia viti viwili. Halikuandikwa kumkomesha mama muuza vitumbua. Lakini sera ikishuka kutoka juu kwenda chini hupita katika mikono mingi, na kila mkono huikaza kidogo. Mwaka 1972 ilitungwa Sheria ya Leseni za Biashara. Biashara ya jumla ikakabidhiwa mashirika ya umma, na mikoani yakawapo mashirika ya biashara ya mikoa, yaani RTC. Mwaka 1973 serikali ikaunda SIDO ili kusaidia viwanda vidogo, jambo jema lililofundisha wengi ufundi. Hata hivyo, mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka.

Wazee wanaikumbuka. Maduka ya watu binafsi vijijini yalifungwa ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ujamaa. Kufunga duka ni kazi ya asubuhi moja, lakini kufungua jingine na kulijaza sabuni, chumvi na mafuta ya taa ni kazi ya miaka. Mahali pengi lile la zamani lilifungwa na jipya likawa halina kitu. Haikuchukua muda operesheni ikasimamishwa. Ila somo lilikuwa limekwisha kuingia vichwani: mwenye duka anaweza kulala mwenye haki akaamka mkosaji, bila yeye kufanya lolote usiku ule.

Kisha yakaja maafa mengi kwa pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977. Vita vya Kagera vikaanza mwaka 1978. Bei ya mafuta ikapanda, fedha za kigeni zikakauka, viwanda vikakosa malighafi. Ilikuwa miaka ya foleni, miaka ya sukari kwa kadi na dawa ya meno kwa kumjua mtu. Bidhaa zilizopotea madukani zilionekana uchochoroni kwa bei ya kuruka. Mwaka 1983 serikali, ikiongozwa katika vita hiyo na Waziri Mkuu Edward Sokoine, iliwashukia waliohodhi mali, ikawaita wahujumu uchumi. Wananchi wengi waliishangilia hatua ile, maana walikuwa wameumia.

Lakini katika mwaka huo huo wa 1983 ilipitishwa sheria nyingine, na hii ndiyo inayotuhusu leo. Ni Sheria ya Nguvukazi. Ilimtaka kila mtu mzima mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Dar es Salaam ukafanyika msako. Waliokutwa mitaani bila kitambulisho cha kazi walipakiwa kwenye magari na kupelekwa vijijini na mashambani, na wengi wao baada ya muda walirudi mjini. Ilikuwa fikra ile ile ya mkoloni ya mwaka 1923 imevaa kaunda suti: asiye na mwajiri hana kazi.

Sasa tazameni maajabu ya historia. Sheria hiyo hiyo iliyomkimbiza mchuuzi ndiyo iliyomfungulia mlango, kwa sababu ukisema kila mtu awe na kazi inayotambulika, huna budi kutaja ni kazi zipi zinatambulika. Ikabidi waliojiajiri waandikishwe, ndipo ikapatikana leseni ya nguvukazi, karatasi ndogo iliyosema kwamba muuza matunda naye ni mfanyakazi. Sasa mtu wa kikapu akawa na kitu cha kumwonyesha mgambo.

Na tuseme kweli yote. Wakati ule hata waliokuwa wakitoa leseni walikuwa wanachuuza. Mshahara wa mwezi haukuweza tena kumfikisha mtu katikati ya mwezi. Karani alifuga kuku, mwalimu alifuga ng'ombe wa maziwa uani, mke wa ofisa alipika maandazi na kuwatuma watoto wayapeleke shuleni. Mambo hayo hayakuitwa biashara, maana neno biashara lilikuwa na harufu mbaya. Yaliitwa miradi. Kila nyumba ilikuwa na mradi wake. Nchi nzima ilikuwa inauza kitu huku inasema haiuzi, na hakuna serikali inayoweza kuendelea kukataza jambo ambalo watumishi wake wenyewe wanaliishi.

Bajeti ya mwaka 1984 ilianza kulegeza kamba kwa kumruhusu mwenye fedha zake za kigeni alete bidhaa kutoka nje. Mwaka 1985 akaja Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye watu walimwita Mzee Ruksa. Maduka yakajaa, mitumba ikamwagwa sokoni, mama ntilie akaweka mafiga kando ya kila jengo linalojengwa. Mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kililegeza masharti ya Azimio, na wanachama wakaruhusiwa kuwa na kipato cha pili. Kile kilichokuwa kinafanyika uani kikatoka barazani.

Jirani zetu wa Kenya nao walipita njia inayofanana na hii. Mwaka 1972 ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani ulikwenda kuchunguza ajira nchini humo, ukaja na maneno yaliyowashangaza wengi: mafundi wa masufuria na wachuuzi wa mitaani si mzigo, bali wanafanya kazi yenye tija, na tatizo mojawapo ni jinsi wanavyosumbuliwa na wakuu wa miji. Mafundi hao waligonga mabati yao katika jua kali, na jina likawa hilo: Jua Kali. Ilichukua zaidi ya miaka kumi ndipo serikali ya Rais Daniel arap Moi, katikati ya miaka ya 1980, ianze kuwajengea mabanda pale Kamukunji, Nairobi. Fundi aliyekuwa anafukuzwa kwa kufanya kazi juani akapewa kivuli. Kivuli kilikuwa ndicho kibali chake.

Turudi kwetu. Miaka ya 1990 iliwaleta vijana kutoka kusini, wa Lindi na Mtwara, waliotembeza bidhaa mikononi barabara hadi barabara. Jina la kabila moja la huko, Wamachinga, likawa jina la kazi, na leo hata mzaliwa wa Mwanza au Mbeya akitembeza soksi huitwa machinga. Miji iliwapokea kwa mkono mmoja na kuwafukuza kwa mkono mwingine. Walivunjiwa meza, wakahamishwa, wakarudi. Pale Ilala, Dar es Salaam, walijengewa jengo kubwa lililopewa jina lao, likakamilika karibu mwaka 2010, na kwa miaka mingi vizimba vingi humo vikabaki vitupu. Kwa nini? Kwa sababu machinga humfuata mteja, na mteja hapandi ghorofa kutafuta leso.

Mwezi Desemba 1918 ulimaliza mwaka wa vita vya wakubwa. Desemba ya miaka mia moja baadaye, yaani 2018, ilimletea mtu mdogo kadi. Rais John Magufuli aliwakabidhi wakuu wa mikoa vitambulisho zaidi ya laki sita vya wafanyabiashara wadogo. Mwenye mauzo yasiyozidi shilingi milioni nne kwa mwaka alilipa shilingi elfu ishirini, akapata kadi ya kumkinga na ushuru wa kila kona. Wapo walioipokea kadi ile kwa furaha, kwa kuwa elfu ishirini ya mara moja ilikuwa nafuu kuliko mia tano tano za kila siku. Wapo pia walionung'unika, hasa wenye kikapu kidogo mno, ambao elfu ishirini ndiyo ilikuwa mtaji wenyewe. Na kadi ilimtambua mtu, lakini haikumtajia mahali. Ndiyo maana mwaka 2021, chini ya Rais Samia Suluhu Hassan, ukaja uamuzi wa kuwapanga upya, na mwezi Oktoba mwaka huo vibanda vikaondolewa kando ya barabara za Dar es Salaam. Wengi walipelekwa kwenye maeneo mapya. Kwa waliopata eneo lenye wateja ilikuwa heri. Kwa waliopelekwa pasipopita mtu, kibali walikuwa nacho, riziki hawakuwa nayo.

Ndugu wasikilizaji, safari hiyo ya miaka mia moja inatufundisha nini sisi tunaotaka kuanza leo na elfu hamsini zetu?

Kwanza, biashara ndogo zilizopita salama katika enzi zote hizo ni zile za kitu ambacho jirani anakihitaji kila siku. Maandazi yalipita enzi ya mkoloni, yakapita enzi ya foleni, yakapita enzi ya ruksa. Anayeanza na asome mtaa wake kabla ya kusoma orodha ya bidhaa za watu wengine. Ajiulize watu wa hapa huamka saa ngapi, hula nini, hupita wapi, na ni kitu gani wanakifuata mbali.

Pili, mtaji wa mtu mdogo haujawahi kutoka benki kwanza. Umetoka kwa wenzake. Wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na ushirika, na akina mama wa mijini walikuwa na mchezo, yaani kijumbe, wanaokusanya kidogo kidogo na kupeana kwa zamu. Leo kuna VICOBA na SACCOS, na sheria ya huduma ndogo za fedha ya mwaka 2018 imevitambua hata vikundi vya kijamii vya aina hiyo, mradi viandikishwe. Vilevile, sheria iliyorekebishwa mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia kumi ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Hakuna anayeletewa mkopo huo mlangoni. Kwa kawaida unapatikana kwa kikundi kilichosajiliwa, na mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Hapa lakini tuwe macho. Umoja wa kweli una jirani yake wa uongo. Mwaka 2009 nchi ilitikiswa na mpango ulioitwa DECI, ambamo watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha kisha wavune maradufu. Waliovuna mwanzoni walikuwa wanavuna mbegu za waliokuja nyuma yao. Serikali ilipousimamisha, maelfu walikuwa wamepanda na hawakuvuna, na viongozi wake wakafikishwa mahakamani. Tofauti na mchezo wa akina mama ni rahisi kuiona. Katika mchezo, kila mtu anatoa kiasi kile kile anachopokea, na wote mnafahamiana kwa sura. Mahali ambapo mtu anaahidiwa faida bila kuuliza kitu gani kinauzwa na nani anakinunua, hapo hakuna biashara. Biashara halali hata mtoto anaweza kuionyesha kwa kidole: hii hapa bidhaa, yule pale mteja.

Tatu, karatasi. Historia yetu inaonyesha kwamba mchuuzi asiye na karatasi huwa wa kwanza kupakiwa kwenye gari. Namba ya mlipa kodi hutolewa bure. Leseni ya biashara nyingi ndogo hutolewa na halmashauri. Anayetaka jina la biashara yake lisichukuliwe na mwingine huliandikisha BRELA. Anayeuza chakula hupimwa afya. Mambo hayo si ya wakubwa peke yao. Aanze hata na barua ya serikali ya mtaa na daftari la mauzo, kwa sababu daftari la leo ndilo litakaloombwa kesho atakapotaka mkopo.

Lakini haitoshi kumhubiria mwenye kikapu peke yake. Uhalali hauletwi na mtu mmoja. Mwenye biashara ana wajibu wa kuja mezani, na mwenye meza ana wajibu wa kuiweka mahali panapofikika. Kibali kinachogharimu kuliko mtaji kinamsukuma mtu mwaminifu uchochoroni. Eneo halali lisilo na wateja ni sawa na duka lile la ujamaa lisilo na sukari. Kila mara serikali zetu zilipofunga mlango, watu walipita dirishani, na waliopita dirishani hawakulipa kodi. Kila mara mlango ulipofunguliwa kwa upana wa kutosha, watu waliingia wenyewe bila kusukumwa na mgambo.

Hivyo kijana anayeuliza aanze vipi kwa njia ya halali asionekane mjinga. Swali lake waliliuliza Erika Fiah dukani kwake, wakulima wa pamba mbele ya mizani, na mama aliyepika maandazi mwaka 1983 huku akisikiliza mlio wa gari la msako. Wao walijibiwa kwa kuchelewa. Ofisa wa biashara wa halmashauri atakayeijaza fomu ya kijana huyu wiki ijayo ana nafasi ya kumjibu mapema zaidi, na kijana naye asisubiri kuitwa. Aende na kikapu mkono mmoja, daftari mkono wa pili.